Nani Kasema Njia ya Baiskeli ni Anasa?

Mtu akitaja njia za baiskeli katika kikao cha mipango ya jiji, iwe Dar es Salaam au Nairobi, jibu huwa tayari kabla hajamaliza kusema. Ataambiwa wazo ni zuri ila wakati wake haujafika. Kisha kikao kitaendelea na ajenda ya barabara ya juu, ambayo wakati wake, kwa bahati njema, hufika kila mwaka wa fedha.

Tuiseme hoja yao kama wenyewe wanavyoisema, tena kwa ubora wake. Nchi zetu zina fedha kidogo na mahitaji mengi. Shehena lazima itoke bandarini, mabasi yapite, gari la wagonjwa lifike. Foleni inakula saa za kazi na mafuta, kwa hiyo kila shilingi iliyopo iende kwenye njia nne, sita na nane, kwa kuwa huko ndiko uchumi unakopita. Baiskeli hubeba mtu mmoja, polepole, juani, na wanaoipanda ni wachache. Uholanzi na Denmark wanaweza kujipamba kwa njia za baiskeli kwa sababu wameshamaliza barabara, reli na hospitali zao. Sisi tutazijenga tukishaendelea. Wanaosema haya ni wahandisi, wachumi, madiwani na wahariri, watu wazima na akili zao. Hoja yao imevaa sura ya hesabu, basi na ijibiwe kwa hesabu.

Kwanza: hawajaamua baiskeli ni ya nani

Isikilize hoja hiyo kwa makini, utasikia ni ndumilakuwili. Upande mmoja unasema njia ya baiskeli ni anasa, jambo la Wazungu waliokwisha kushiba. Upande wa pili, unaosemwa kwa sauti ya chini na mara nyingi na mtu yule yule, unasema baiskeli ni chombo cha maskini, na jiji linalotaka kuonekana la kisasa haliwezi kumwaga fedha kwenye alama ya umaskini. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama baiskeli ni ya maskini, kuilinda ni huduma kwa walio wengi. Kama ni anasa, tuoneshwe hao matajiri wanaoifaidi. Tazama alfajiri barabara yoyote inayoingia katikati ya Dar es Salaam: muuza samaki anawahi soko la samaki la Feri na tenga tupu nyuma, muuza mayai amepanga trei hadi usawa wa mabega yake na kuzikaza kwa mipira ya tyubu kuukuu, mlinzi anatoka zamu ya usiku, fundi mwashi amening'iniza kwenye usukani kiroba chenye pimamaji na mwiko. Hakuna hata mmoja aliyetoka kufanya mazoezi. Wote wako kazini, na wote wanapita pembezoni kabisa, pale lami inapomeguka na mchanga kuanza, kwa kuwa jiji lisilokuwa na fedha za anasa limewaachia upana wa mkono mmoja.

Pili: hesabu ya lami

Nairobi Expressway ilifunguliwa mwaka 2022. Ina urefu wa kilomita 27, na gharama yake ilitajwa kuwa takribani shilingi bilioni 88 za Kenya, yaani zaidi ya bilioni tatu kwa kila kilomita. Mtembea kwa miguu, mpanda baiskeli na bodaboda hawaruhusiwi kukanyaga juu yake. Weka kando yake mji wa Sevilla, kusini mwa Hispania, ambao kuanzia mwaka 2006 ulijenga mtandao wa njia za baiskeli zilizotengwa na magari, wenye kilomita 120 hivi, kwa takribani euro milioni 32. Geuza euro hizo kuwa shilingi, ongeza mfumuko wa bei wa miaka yote iliyofuata, na bado mtandao mzima wa mji hauzidi bei ya kilomita tatu za barabara ile ya juu. Mtetezi wake atadakia kwamba zile si fedha za serikali, ni za mwekezaji atakayezirudisha kwa tozo kwa miaka 27. Vema. Lakini ardhi zilikosimama nguzo ni ya umma, tozo inatoka kwenye mifuko ya Wakenya wale wale, na hakuna kikao kilichowaambia wenye magari kwamba barabara yao isubiri nchi iendelee kwanza.

Halafu kuna gharama isiyosomwa siku ya uzinduzi, nayo ni matengenezo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionesha kuwa uharibifu wa lami haupandi sambamba na uzito. Hupanda kwa takribani kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Chukua gari dogo la kilo 1,500, ambalo kila ekseli yake inabeba kilo 750. Chukua baiskeli na mpandaji wake, jumla kilo 100, sawa na 50 kwa kila gurudumu. Ekseli ya gari ni nzito mara 15, na kipeo cha nne cha 15 ni 50,625. Hilo ni gari la mtu mmoja anayekwenda ofisini. La lori la shehena hesabu yake fanya mwenyewe. Anayedai kwamba fedha za barabara ni chache ndiye mtu wa kwanza aliyepaswa kuomba watu wahamie kwenye chombo kisichochimba mashimo. Badala yake, ndiye anayekipinga.

Hapa ndipo hutolewa ile hoja tamu mdomoni: wapanda baiskeli hawalipii barabara. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari. Pengo likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya petroli, ya dizeli, na ya mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa. Yaani bibi anayewasha kibatari kule Nachingwea aliitwa kufidia ada ya gari linalolala Masaki. Mikopo ya barabara kubwa nayo hulipwa na hazina, na hazina hujazwa na kodi ya sukari, sabuni na muda wa maongezi, vitu ambavyo mpanda baiskeli hununua kama mwingine yeyote. Analipa, ila hapewi anacholipia.

Tatu: "mbona hawaonekani?"

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ya idadi. Tafiti za usafiri wa Nairobi zimekuwa zikionesha kwamba takribani safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, ilhali za baiskeli ni chache mno. Hitimisho linalotolewa ni kwamba watu hawaitaki baiskeli. Angalia kipimo kinavyobadilika kulingana na anayepimwa. Barabara ya njia nane hujengwa kwa makadirio: wataalamu huandika kwamba ifikapo mwaka fulani magari yatakuwa kadhaa wa kadhaa, na mkopo husainiwa kwa ajili ya magari ambayo bado hayajaundwa kule Japani. Njia ya baiskeli hudaiwa itanguliwe na wapanda baiskeli halisi, wahesabiwe wakipita katikati ya lori na daladala, na wale waliokwisha kuogopa na kuiacha baiskeli uani hawahesabiwi popote. Gari huaminiwa kabla halijazaliwa. Baiskeli huhesabiwa kwa walionusurika.

Kwamba watu wanaogopa si jambo la kubahatisha. Kenya imekuwa ikiandikisha vifo vya barabarani zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Anayeona wenzake wanavyokufa wakivuka barabara hahitaji mtaalamu wa kumweleza hatima ya atakayepita humo humo juu ya magurudumu mawili. Sevilla nayo kabla ya 2006 ilikuwa mji usio na kile kiitwacho "utamaduni wa baiskeli": safari zake kwa baiskeli zilikuwa kama nusu ya asilimia moja. Mtandao ulipojengwa haraka na kwa kuunganika, idadi ilipanda ndani ya miaka michache hadi karibu safari sita au saba kwa mia. Watu hawakubadilishwa tabia kwa semina wala mabango. Walipewa njia.

Kuhusu jua: joto la Sevilla mwezi Julai na Agosti hupita nyuzi 40, kiwango ambacho Dar es Salaam, pamoja na jasho lake lote, haikijui. Unyevu wa pwani yetu ni kweli unachosha, na mwenye suti hatafurahi. Lakini hoja ya joto huwa inasahau kutaja mbadala wake, ambao ni kusimama ndani ya daladala iliyojaa hadi mlangoni, dirisha limekwama, foleni haisogei. Humo nako hakuna kiyoyozi. Anayetuonea huruma kwa jua la baiskeli anazungumza kutoka kwenye gari lenye vioo vilivyopandishwa.

Na ile hadithi kwamba Uholanzi walijenga njia za baiskeli baada ya kushiba? Katika miaka ya 1950 na 1960 Waholanzi walifanya tunachofanya sisi leo: walipanua barabara, wakabomoa mitaa, wakaisukuma baiskeli ukingoni. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana. Mwaka 1973 Waarabu wakafunga mafuta, na serikali ikalazimika kupiga marufuku magari siku za Jumapili. Kilichowarudisha kwenye baiskeli ni makaburi na bei ya mafuta. Mambo hayo mawili sisi hatujapungukiwa.

Asiyependa mifano ya Ulaya aende Bogotá, Kolombia. Enrique Peñalosa alipoingia umeya mwaka 1998 mezani palikuwa na mipango ya barabara za juu. Aliiweka kando, akajenga mamia ya kilomita za njia za baiskeli pamoja na mabasi ya TransMilenio, yaliyoanza kazi Desemba 2000. Kolombia haikuwa Uholanzi. Ilikuwa nchi yenye madeni, vita na msongamano. Mfumo wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam ni mtoto wa TransMilenio. Tulipokwenda kunakili, basi tulilileta zima, baiskeli tukaileta vipande.

Nne: nafasi na maduka

Wanasema kukata kipande cha barabara kwa ajili ya baiskeli ni kuongeza foleni na kuwafukuza wateja wa madukani. Nafasi ya kuegesha gari moja huegesha baiskeli kumi. Hilo linatosha kuonesha ni nani anayekula barabara. Kuhusu maduka, jiji la New York lilipoweka njia ya baiskeli iliyokingwa kwenye barabara ya Ninth Avenue, idara yake ya usafiri iliripoti mwaka 2012 kwamba mauzo ya maduka ya eneo hilo yalipanda hadi asilimia 49, wakati wastani wa Manhattan ulikuwa asilimia 3. Sisemi Kariakoo itapata 49. Nasema mwenye duka wa Kariakoo anajua vizuri kuliko mwanamipango kwamba wateja wake wengi hawaji na gari, na kwamba marobota yake hutolewa stoo na guta na mkokoteni. Vyombo hivyo ndivyo vinavyosafirisha mizigo ya katikati ya jiji, na havina hata mstari wa rangi chini.

Tano: "zilizopo zimegeuka maegesho"

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, na haifai kuirukia. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa na njia za baiskeli pembeni yake. Leo sehemu za njia hizo ni maegesho ya magari, sehemu ni meza za machinga, na palipobaki wazi bodaboda hukatiza kukwepa taa. Mwenye kupinga huonyesha kidole na kuuliza: fedha ile ilisaidia nini?

Swali ni halali. Jibu lake halipendezi upande wowote. Kwanza, njia ile imeganda kwenye barabara moja. Mtu wa Sinza, Manzese ndani au Tabata anatakiwa kuifikia kwa kupita kwenye barabara zisizo na hata bega la kukimbilia, na akiifikia, humwagwa kwenye makutano bila kuambiwa aelekee wapi. Hakuna nchi iliyojenga kipande cha barabara kuu kisichoanzia popote wala kuishia popote, kisha ikashangaa magari hayaji. Pili ni usimamizi. Gari likiingia kwenye njia ya mabasi hukamatwa na dereva hutozwa faini. Gari hilo hilo likipanda juu ya njia ya baiskeli, dereva hufunga milango na kwenda kunywa supu. Sheria haijashindwa, imechagua mteja. Tatu ni ujenzi wenyewe: ukingo wa kutosha kumzuia dereva asipande, nguzo fupi zisizopitisha bajaji, na upana unaoruhusu guta lenye mzigo kupishana na baiskeli. Hayo ni mambo ya saruji na mchoro, hayahitaji utamaduni mpya. Ama machinga, meza yake ni ushahidi wa mahali watu wanapopita kwa wingi, jambo ambalo mwanamipango alipaswa kulijua kabla ya kuchora. Kazi iliyofanywa nusu si ushahidi dhidi ya kazi iliyokamilika.

Sita: bei ya kutofanya kitu

Kosa kubwa la hoja ya "fedha hatuna" ni kudhani kwamba kuacha kujenga ni bure. Desemba 2023 nauli ya daladala Dar es Salaam kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa nauli hiyo, aliyekwenda kazini siku 26 kwa mwezi, gari moja kwenda na moja kurudi, alilipa 31,200. Aliyebadilisha gari njiani alilipa 62,400. Kima cha chini cha mshahara kwa biashara na viwanda kilichoanza kutumika Januari mwaka huo kilikuwa 150,000. Kwa aliyebadilisha gari, shilingi nne katika kila kumi za mshahara huo ziliishia kwa konda, kwa umbali ambao baiskeli huumaliza ndani ya saa moja. Hakuna mwajiri anayeweza kumpandishia mshahara kwa asilimia hiyo. Njia salama ya baiskeli ingeweza. Ni kweli kwamba anayetoka Chanika hatapiga pedali hadi Posta. Lakini anaweza kupiga pedali hadi kituoni, akaiacha baiskeli mahali penye kufuli na mlinzi, akakata nauli ya gari moja badala ya mbili.

Fedha hiyo ikibaki mfukoni huzunguka mtaani: kwa mama ntilie, kwenye ada, na kwa fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji ya kutafutia pancha, gundi, viraka na rundo la spoku. Ikiwa nauli au petroli, sehemu yake kubwa hupanda meli. Kenya haisafishi mafuta tangu kiwanda cha Changamwe kisimame mwaka 2013, na Tanzania iliacha miaka mingi kabla. Kila lita inanunuliwa kwa fedha za kigeni. Juni 2022 serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta; Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 211 za Kenya; mwaka huo huo wafanyabiashara wa Tanzania walikuwa wakizisaka dola kwa tochi. Ruzuku ile hakuna aliyeiita anasa, na ilipochomwa ikaisha, haikuacha hata mita moja ya lami.

Bado hatujahesabu wodi za mifupa zilizojaa majeruhi wa bodaboda, wengi wao vijana wenye familia nyuma yao. Watafiti waliopiga hesabu za Copenhagen mwaka 2015, wakijumlisha gharama za mtumiaji na za jamii, zikiwemo ajali, muda, hewa na afya, walikuta kilomita moja ya gari inagharimu zaidi ya mara sita ya kilomita moja ya baiskeli. Namba za kwetu zitatofautiana. Kinachoshangaza ni kwamba hatuzioni kwenye upembuzi yakinifu wa barabara zetu, ambako dakika iliyookolewa na mwenye gari hupewa bei, na mguu uliokatwa wa mpita njia hauna safu.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti yake ya barabara kwa watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Miaka saba baadaye, mradi uliozinduliwa kwa shangwe jijini humo ulikuwa ule wa kilomita 27 ambao wawili hao hawaruhusiwi kuukanyaga. Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa sera nzuri. Bajeti ya mwaka ujao ikisomwa, mfuate diwani wako na ofisi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, katika wilaya yako, au mwakilishi wako wa wadi kama uko Kenya, uulize fungu la baiskeli ni shilingi ngapi, na kipande kinachofuata kinaunganisha mtaa gani na mtaa gani. Usikubali kujibiwa kwa mdomo. Omba uoneshwe ukurasa.